Moyo Mtundu wa Mtangazaji Turdakun

Bonde zima la Talas lilikuwa likiijua sauti ya Turdakun kuliko lilivyoijua sura yake. Kila palipochezwa kok-boru, wapanda farasi wakinyang'anyana mzoga wa mbuzi ili wautumbukize kwenye chungu kikubwa cha udongo kilichojengwa mwisho wa uwanja, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alitangaza kwa mbwembwe na kwa ulimi usiomwogopa mtu. Mchezaji akiuangusha mzoga, Turdakun aliwaarifu watazamaji kwamba bwana huyu kaoa juzi, tumvumilie. Farasi akisita kuingia kwenye purukushani, alimsifu kuwa ndiye pekee uwanjani mwenye akili. Watu walikuja nusu kwa ajili ya mchezo na nusu kwa ajili ya maneno yake, na waliotaniwa walirudi nyumbani wakijivuna.

Kwa hiyo moyo wake ulipoanza kumchezea, Turdakun alijua fika watu wangemfanya nini akilitoa jambo lile hadharani. Akafunga mdomo.

Lilimwanza msimu wa maharage, wakati kila ua wa Talas umejaa magunia na kila mwanamke ana ungo mapajani. Alikuwa ameketi na mkewe Saadat wakichambua, bakuli la chai ya rangi pembeni yake, hana haraka wala wasiwasi. Moyo ukapiga, ukapiga, kisha ukanyamaza. Kimya kile kilikuwa kifupi, ila kwake kilikuwa kirefu kama hotuba ya mkuu wa wilaya. Halafu likaja teke moja zito lililomgonga mpaka kooni, kama mtu anayeshuka ngazi akidhani imebaki daraja moja, kumbe ameshafika chini. Akashika kifua. Hali ikapita. Akachukua harage, akalitazama, na kabla hajalitupa, teke jingine.

Baada ya hapo halikumwacha. Siku nyingine lilimjia mara mbili tatu, siku nyingine lilikaa naye toka chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni: pigo, pigo, kimya, teke. Ajabu ni kwamba lilimfuata zaidi anapotulia. Akikata kuni, hakuna kitu. Akijilaza kwa ubavu wa kushoto, linaanza. Akajaa hofu. Akawa hawezi kukaa dakika chache bila kupeleka vidole shingoni kuhesabu mapigo, na kadiri alivyohesabu ndivyo yalivyozidi kumkosea hesabu.

Saadat hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo yalikuwa na miiba. Akamvumilia kwa wiki nzima, kisha akasema, akimwita kwa jina la binti yao kama alivyozoea, "Baba Begaiym, unajipapasa shingo kama mnunuzi anayemkagua kondoo. Umeridhika kwamba amenona?"

Turdakun alijibu kwamba kola ya shati inamwasha. Kesho yake akakuta mashati yake yote yamekatwa kola, yamekunjwa vizuri na kuwekwa mahali pake.

Jambo ambalo Turdakun hakumwambia mtu ni kwamba aliiogopa miaka yake. Baba yake, mzee Asanaly, alikuwa mpanda farasi mashuhuri, mwenye kifua kipana kama mlango, na alianguka ghafla siku moja ya vuli. Watu walisema ni moyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Turdakun angefikisha miaka hiyo hiyo majira ya baridi yakiingia, na kila teke la kifuani alilisikia kama baba anayemwita kutoka ng'ambo.

Akaacha kutangaza. Alituma habari kwa wasimamizi kwamba koo limemharibika, wakamweka mahali pake Mwalimu Kydyrbek anayefundisha fizikia, mtu mpole na msafi, ambaye hakuwahi kusema neno moja lisilo na uhakika. Mechi ya kwanza aliyotangaza Mwalimu, watu walisikia kutoka kwenye spika kwamba mchezaji amepata mzigo na sasa anaelekea takriban kusini. Wazee walitazamana. Mmoja aliuliza kama hii ni kok-boru au utabiri wa hali ya hewa.

"Koo lako la ajabu sana," Saadat alimwambia mumewe jioni ile, baada ya kumsikia akigombana na jirani kuhusu mfereji kwa sauti iliyovuka barabara. "Nyumbani zima, uwanjani bovu. Linamchukia mbuzi peke yake."

Lakini kutania kwake kulikuwa na macho. Alikwisha kumwona asubuhi akiwa amelala chali, midomo ikicheza kimyakimya, anahesabu. Alikwisha kumwona akiacha kula katikati ya tonge. Asubuhi moja, bila kumuuliza, akainama na kuweka sikio lake juu ya kifua cha mumewe, kama mtu anayesikiliza ukuta. Turdakun akataka kusogea, mkewe akamzuia kwa mkono. Alisikiliza. Moyo ukapiga, ukapiga, ukanyamaza, ukagonga. Turdakun akasikia mkono wa mkewe umekaza begani mwake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu maharage."

Saadat aliinuka, akafunga kitambaa chake kichwani, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akasema kwamba mtu aliyeolewa miaka thelathini ana haki ya kuambiwa mambo mawili: mumewe akipata mwanamke mwingine, na mumewe akipata ugonjwa. "Na ungenipa lile la kwanza," aliongeza, "ningekuwa na mtu wa kunisaidia maharage." Lakini chai aliyoimimina siku ile iliingia kwenye sahani badala ya bakuli.

Wakaenda kituo cha afya. Muuguzi akamlaza Turdakun, akambandika waya kifuani, mikononi na miguuni, akawasha mashine. Moyo ulipiga kama saa mpya ya ukutani. Muuguzi akautazama mstari kwenye karatasi, akasema angependa yeye mwenyewe awe na moyo kama huu, akawaaga. Hawajafika getini, ukagonga mara tatu mfululizo, Turdakun akashika nguzo.

"Moyo wako umefanana na wewe," Saadat alisema, akimshika kiwiko. "Mbele ya wageni unajua adabu."

Saadat akampigia simu mama yake mzazi. Turdakun alisikia na hakuweza kumzuia. Siku ya pili Bi Batma akawasili kutoka kijijini akiwa na mtungi wa maziwa ya farasi yaliyochacha, ya mwisho wa msimu, yenye harufu ya moshi, na kondoo dume mwenye mkia mzito, aliyesafiri naye kiti cha nyuma cha gari la mpwa wake. Mama mkwe huyu alikuwa mdogo wa umbo, na hapakuwa na ugonjwa duniani aliouogopa. Alimtazama mkwewe toka juu hadi chini akatoa uamuzi wake: moyo umeingiwa na baridi. Dawa yake ni kuutia joto.

Turdakun angeweza kumkatalia gavana, ila mama mkwe hakumkatalia. Kondoo akachinjwa uani, ngozi ikachunwa ingali na joto lake, na yeye, mtangazaji wa bonde zima, akavuliwa shati na kuzungushiwa ile ngozi, upande wa ndani ukigusa mwili wake, manyoya nje. Juu yake wakamfunika mablanketi mawili. Kilichobaki nje kilikuwa kichwa. Bi Batma akaketi pembeni akimnywesha maziwa kwa kijiko na kumwuliza kila baada ya muda kama moyo umetulia. Jasho lilimtiririka. Kwa kweli moyo ulikuwa umetulia, pengine kwa mshangao.

Ndipo mlango ukagongwa, na Jekshen akaingia. Jekshen alikuwa msimamizi wa timu ya Talas na rafiki wa Turdakun tangu wote wawili walipokuwa wakianguka kutoka kwenye punda mmoja. Alikuja kumwomba atangaze fainali ya Jumamosi, maana watu wamesema wazi kwamba Mwalimu Kydyrbek akishika kipaza sauti tena watakwenda kuchimba viazi. Alivua kofia, akatafuta mwenye nyumba kwa macho, akakiona kichwa.

"Nimeambiwa ni koo," alisema taratibu.

"Ni koo," kichwa kilijibu.

"Ni moyo," Bi Batma alisema, akichota kijiko kingine. "Unarukaruka kama mwanakondoo. Nimemvisha ngozi ya baba yake nione kama atatulia."

Jekshen alijikaza. Alitazama dari, alitazama viatu vyake, alikohoa. Mwishowe akashindwa, akakaa chini palepale kwenye zulia akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Saadat aliyekuwa jikoni akaja mlangoni naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekizuia siku nyingi. Hata Turdakun, ndani ya ngozi yake, alitikisika, na harufu ya kondoo ikazidi.

Kisha Jekshen akajifuta macho. Akasema kwamba wao kule uwanjani walidhani amewachoka. Akamweleza kuwa yuko daktari wa moyo anayetoka Bishkek kila mwezi kuja hospitali ya mkoa, mwanamke, anaitwa Nurjamal, ndiye aliyemtibu shemeji yake, na wiki hii yupo. Saadat hakungoja kusikia zaidi. Alikwisha kuchukua simu.

Daktari Nurjamal alikuwa na miwani iliyoning'inia kifuani na tabia ya kuuliza swali kisha kungoja jibu mpaka lije. Aliuliza kama aliwahi kuzimia, kama hushikwa na maumivu anapopanda kilima, analala saa ngapi, anakunywa nini. Turdakun alisema hanywi chochote. Saadat akasema anakunywa chai ya rangi nzito kama lami, tangu alfajiri, na usipoiondoa birika mbele yake ataila na majani. Daktari akaandika. Akampaka mafuta baridi kifuani, akamulika moyo kwa mashine inayouonyesha ukicheza kwenye kioo, akautazama muda mrefu kwa pembe hii na ile. Turdakun alijitazama ndani. Kitu kile kilifunguka na kujifunga, kikafunguka, kikasita, kikaruka.

"Huyo hapo," daktari alisema, kwa sauti ya mtu aliyemwona jirani anayemfahamu. "Hilo ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Kisha moyo unapumzika kidogo, halafu unasukuma damu yote iliyojikusanya. Hilo ndilo teke lako."

Alisema misuli ni mizuri, milango ya moyo inafunga vizuri. Lakini alitaka kujua hayo mapigo ya kuwahi ni mengi kiasi gani na yanakuja wakati gani, kwa hiyo atamfunga kifuani kifaa kidogo cha kuvaa, akae nacho mpaka Jumapili. Na asijifungie ndani kama mwali. Aishi kama siku zote.

Saadat alikuwa ameketi na mkoba wake magotini, uso mweupe usio na hatia hata chembe. "Na kama siku zote za mtu huyu ni kupiga kelele uwanjani?"

"Kelele haitauvunja moyo huu," daktari alisema. "Apige."

Walipotoka ndipo Turdakun alipopiga hesabu na kugundua kwamba kati ya siku zote ambazo mkewe angeweza kuomba miadi, alikuwa ameiomba Ijumaa, siku moja kabla ya fainali.

Jumamosi alikwenda uwanjani akiwa na waya tano chini ya koti na azimio la kukaa kimya. Alikaa jukwaani kama mtazamaji, Saadat kulia kwake na Bi Batma kushoto. Timu ya Talas ilicheza na timu kutoka Naryn, na vumbi lilikuwa zuri, na farasi walikuwa wakitoa moshi puani. Kwenye spika, Mwalimu Kydyrbek alieleza kwamba wapo wachezaji kadhaa mahali pamoja na kwamba bado haijabainika nani anao mzigo. Moyo wa Turdakun ulikuwa ukiruka, naye alikuwa ameshaanza kupeleka mkono shingoni.

Mchezaji mmoja wa Talas, Syrga aitwaye, akachomoka kwenye lile rundo akiwa ameubana mzoga chini ya paja, akilala ubavuni mwa farasi mpaka nywele zikagusa ardhi. Hapo hata mtu asiyejua mchezo hupiga kelele. Mwalimu akasema, "Mchezaji nambari saba anaongeza kasi."

Turdakun akasimama. Baadaye alidai ni Saadat aliyemsukuma, na Saadat alidai hakumgusa. Aliteremka ngazi, akavuka mbele ya wazee bila kuomba radhi, akaifikia meza ya mtangazaji. Mwalimu Kydyrbek alipomwona alimkabidhi kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, Mungu akuzidishie umri. Mimi usiku silali."

Na sauti ikalijaa bonde. Turdakun aliwaambia watu wamtazame Syrga, ambaye mama yake alimkataza kupanda farasi na ambaye hajawahi kumtii mama yake, Mungu ampe afya mama huyo. Aliwauliza wa Naryn kama wamekuja kucheza au kuangalia mandhari. Alimpongeza mwamuzi kwa kuwa na macho mazuri na kumshauri siku moja ayatumie. Uwanja mzima ulisimama, na wengine walikuwa wanacheka kabla hajamaliza sentensi, kwa furaha ya kumsikia tu. Talas walishinda kwa tofauti ya mzoga mmoja. Alipoweka chini kipaza sauti, ndipo alipokumbuka waya. Ndipo pia alipogundua kwamba muda wote ule hakuusikia moyo wake. Aliupeleka mkono shingoni, akangoja. Ulikuwa ukienda mbio, sawasawa, kama farasi kwenye tambarare.

Jioni walikula nyama na tambi nyumbani, Bi Batma akammiminia chai bakuli baada ya bakuli, akimsimulia jinsi ngozi ya kondoo ilivyofanya kazi. Na moyo ukarudi kuruka.

Jumapili daktari alitazama matokeo kwenye kompyuta, miwani sasa puani. Mapigo ya kuwahi yalikuwa elfu kadhaa. Turdakun akasawijika. Daktari akageuza kioo wote wawili waone, akapitisha kidole. Asubuhi, mengi. Kwenye gari, mengi. Mchana, kwa muda wa kama saa moja, karibu hakuna.

"Hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Anapiga kelele," Saadat alisema.

"Na hapa, jioni, ambapo yamejaa kama nzige?"

Mume na mke walitazamana. "Alikuwa anakunywa chai na mama yangu," Saadat alisema.

Daktari alikaza midomo kidogo, kisha akaeleza. Mapigo ya aina hii, moyo ukiwa mzima, yanasumbua, hayaui. Mwili ukitulia yanapata nafasi. Ukifanya kazi moyo unakaza mwendo na kuyabana. Alisema baba yake alikuwa daktari wa mifugo, na farasi wengi, tena wazuri, huruka mapigo wakiwa wamesimama zizini. Watoe wakimbie kidogo, moyo unanyooka. Turdakun, aliyekaa na farasi maisha yake yote, hakuwahi kuweka sikio pale.

Lakini hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake. Daktari akangoja, kama kawaida yake.

"Baba yangu alikuwa na umri wangu," Turdakun alisema. "Alishuka kwenye farasi getini, akasema ana kiu. Mimi ndiye niliyekwenda kuchota maji. Sikuchelewa. Nilikimbia kweli. Niliporudi, bakuli lilikuwa na maji na yeye hayupo."

Saadat alimgeukia. Katika miaka yote ya ndoa yao alijua kwamba mzee Asanaly alifia getini. Hakujua nani aliyeshika bakuli. Alisogeza kiti chake mpaka kikagusa cha mumewe.

Daktari aliuliza mambo ya yule mzee kwa upole: kama alikuwa akivuta tumbaku, kama alilalamika kifua kubana akipanda, kama vidole vilikufa ganzi. Turdakun alikumbuka. Alivuta sana. Na msimu ule wa mwisho alikuwa akisimama njiani, mkono kifuani, akisema ni pilau. Daktari akasema hapaswi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini huo unasikika kama ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba, na hayo anayoyasikia Turdakun ni jambo jingine. Hata hivyo watapima mafuta ya damu, watatazama presha, na atarudi baada ya miezi sita. Akizimia, au kifua kikimbana akitembea, aje siku hiyo hiyo, asingoje msimu wa maharage uishe. Alimpa vidonge vidogo vya kutuliza, atumie kama usumbufu utazidi. Chai ipungue. Usingizi uongezeke. Atembee au apande farasi kila siku. Na vidole vitoke shingoni.

"Hilo la mwisho niachie mimi," Saadat alisema.

Hali haikuondoka kama moshi. Miezi ile ya baridi palikuwa na siku za amani na siku ambazo moyo uligonga toka asubuhi, na hofu ikarudi ikikaa naye kama mgeni asiyejua kuaga. Vidonge alivitumia wiki chache, akaviacha, akavirudia. Chai aliikata nusu kwa manung'uniko makubwa. Bi Batma aliitangaza ngozi ya kondoo mpaka vijiji vya mbali, na mtu akimwuliza Turdakun, naye alisema kwamba ilimsaidia sana, maana tangu siku ile anaogopa kuugua.

Jekshen alimpa farasi jike mzee wa kijivu, mpole, aliyestaafu michezo. Kila jioni Turdakun alipanda kufuata mto mpaka daraja la chuma na kurudi, na siku aliyotimiza miaka hamsini na minane alikwenda mbali zaidi, mpaka giza likamkaribia. Aliporudi, Saadat alikuwa amesimama getini amejifunga shali. Hakuwa na kawaida ya kumngojea pale, na wote wawili walijua kwa nini leo amesimama.

Turdakun akashuka. Akakaa kidogo mkono juu ya tandiko, uso umeinama.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Umeruka. Mara mbili."

"Na wewe?"

Alisikiliza kidogo, kwa haki, bila kugusa shingo. Jike la kijivu lilikuwa likihema taratibu kando yake. "Mimi nina njaa," alisema.

"Basi mfunge huyo farasi uje," Saadat alisema, akashika mbele kuelekea nyumbani, mwendo wa polepole, ili asimwache nyuma.